Chevelle iliyofufuliwa: uiuze mnadani, mtandaoni, kwa wakala au mwenyewe?

Ukimaliza kufufua gari la Kimarekani la zamani kama Chevrolet Chevelle SS (toleo lake la nguvu) ya 1970, rangi imekauka na injini inanguruma, kila mtu atakupa ushauri wa mahali pa kuiuza, na karibu wote watazungumzia ada. Huyu atasema mnada unakula pesa nyingi, yule atasema mtandaoni ni nafuu, wa tatu anamjua wakala mzuri. Mimi nasema ada ije baadaye. Kinachopaswa kuamua ni karatasi za gari na namba zilizogongwa kwenye injini yake. Gari lenye ushahidi kamili lipeleke kwa watu wanaosoma kwa makini. Gari zuri lisilo na ushahidi lipeleke kwa watu wanaotaka kuliona, kulisikia na kuondoka nalo. Wauzaji wengi hufanya kinyume na kuacha pesa mezani kwa mnunuzi.

Nazungumzia soko la Marekani, na yale magari ya V8 kubwa ambayo makampuni ya Detroit yaliyauza kwa vijana tangu Pontiac GTO ya 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970: GTO, Chevelle SS, Dodge Charger R/T, Plymouth Road Runner na wenzao. GTO yenyewe ilizaliwa kwa ujanja. General Motors ilikuwa imeweka ukomo wa inchi za ujazo 330 kwa injini za magari yake ya ukubwa wa kati. Pontiac wakaiingiza injini ya 389 kama kifurushi cha nyongeza ambacho mteja alikilipia juu ya gari la kawaida la LeMans. Ujanja ule ndio unaotusumbua leo. Kwa kuwa magari mengi ya aina hii yalikuwa gari la kawaida lenye vifaa vya ziada, mtu yeyote mwenye gereji anaweza kuchukua gari la kawaida, akabandika nembo, akaweka injini kubwa na kuliita la asili.

Kwanza ujue unauza nini

Chevelle ya 1970 ni mfano mzuri kwa sababu namba yake ya utambulisho haisemi kama ni SS. Tarakimu zake za mwanzo, 136, ni za Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, yenye V8, na SS ilikuwa kifurushi tu: Z25 kwa SS 396, Z15 kwa SS 454. (Hata hiyo 396 ya mwaka ule kwa kweli ilikuwa na inchi 402; Chevrolet waliacha jina la zamani kwa sababu lilikuwa limeshajijengea sifa.) Kwa hiyo nembo kwenye ubavu wa gari hazithibitishi kitu.

Fungua boneti, simama upande wa abiria, utazame mbele ya kichwa cha silinda. Pale kwenye bloku kuna sehemu ndogo bapa. Kama injini kubwa ni ya asili utakuta kitu kama T0212 kikifuatiwa na herufi: T ni kiwanda cha Tonawanda, New York, 02 ni mwezi, 12 ni siku, na herufi zinataja aina ya injini. Karibu nayo kuna sehemu ya namba ya gari lenyewe, nayo lazima ilingane na kibati kilicho kwenye dashibodi. Chukua tochi, uiangaze kwa ubavu. Chuma cha kiwandani kina mistari myembamba iliyonyooka, alama ya mashine iliyokisawazisha. Fundi akisawazisha bloku upya wakati wa ukarabati, mistari hupotea pamoja na namba. Namba zilizogongwa upya juu ya chuma laini kisicho na mistari ndizo zinazomfanya mnunuzi mzoefu afunge boneti taratibu na kushukuru kwa chai. Kama zimepotea, zimepotea, liseme hivyo. Usimruhusu mtu azigonge tena, na usiguse kabisa kibati cha namba ya gari, kwa maana kukichezea ni kosa chini ya sheria ya shirikisho.

Halafu tafuta ile karatasi ya kiwandani iliyoorodhesha vifaa vya gari lako. Kwenye Chevelle mara nyingi ilibaki juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za viti, na fundi aliyevua tangi bila kujua huitupa kama uchafu. Kama ipo, hata ikiwa imeliwa kingo na kutu, ina thamani kubwa kuliko magurudumu mapya. Pontiac wana bahati: kumbukumbu zao za kiwandani zimehifadhiwa na PHS (Pontiac Historic Services), na GTO za 1966 hadi 1971 zina namba inayoanza na 242. Ford za kuanzia 1967 zina Marti Report, ripoti inayotolewa kutoka kumbukumbu za kiwanda. Dodge na Plymouth huongea zenyewe: Charger R/T ya 1969 huanza na XS29, na herufi ya tano ni injini, L ikiwa 440 na J ikiwa ile Hemi ya 426.

Sasa unajua uko kundi gani. Gari la asili lenye injini yake na karatasi zake. Gari la asili lenye injini nyingine. Nakala, yaani Malibu iliyovalishwa SS. Au gari la zamani lililowekewa injini ya kisasa, breki za diski na kiyoyozi. Yote manne yana wanunuzi, ila wanunuzi hao hawakai mahali pamoja.

Pesa, tukianzia kwenye mfuko wa mnunuzi

Watu hulinganisha ada za muuzaji peke yake, na hapo ndipo hesabu inapokwenda kombo. Mnunuzi ana kiasi alichokipanga, na ada anayotozwa yeye anaitoa humo humo kabla hajafikia bei yako. Tuchukue mnunuzi mmoja mwenye dola 77,000 za kutumia, tumpeleke katika njia nne. Viwango hapa ni vya mfano, usome mkataba wako.

| Njia | Bei ya gari | Kinachokatwa kwako | Kinachobaki |
|---|---|---|---|
| Mnada wa jukwaani (mnunuzi huongeza 10%) | 70,000 | 8%, yaani 5,600 | 64,400 |
| Mnada wa mtandaoni (mnunuzi huongeza 5%) | 73,333 | ada ndogo ya tangazo | kama 73,000 |
| Wakala | 77,000 | 10%, yaani 7,700 | 69,300 |
| Mwenyewe | 77,000 | matangazo | karibu 77,000 |

Kwenye mnada wa jukwaani toa pia ada ya kuingiza gari, lori la kulisafirisha, hoteli na chakula. Kwenye mstari wa mwisho, usishangilie mapema. Mnunuzi anayekuja nyumbani kwako anajua huna kamisheni ya kulipa, na atataka sehemu ya akiba hiyo. Mnada una watu wawili wanaogombania. Uani kwako kuna mtu mmoja anayekuomba upunguze.

Jambo moja limeniuma kwa niaba ya wengi: gharama ya ukarabati haiingii popote katika jedwali hilo. Gereji inayotoza dola 100 kwa saa ikifanya kazi ya saa 1,000, na kunyoosha bodi vizuri hula saa kwelikweli, tayari ni dola 100,000 kabla ya spea. Soko halilipi risiti zako. Linalipa gari lililopo, kwa bei ya magari yanayofanana nalo. Angalia mwongozo wa bei wa Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya zamani, unaopanga hali ya gari kutoka 1 hadi 4, na uwe mkali. Namba 1 ni gari la maonyesho ambalo halina kasoro kabisa. Gari lililofufuliwa vizuri na kuendeshwa Jumapili kwa Jumapili ni namba 2, na mengi ambayo wenyewe huyaita 2 ni 3.

Mnada wa jukwaani

Wakubwa ni wawili. Barrett-Jackson, walioanza 1971, hufanya mnada wao mkuu Scottsdale, Arizona, kila Januari, na magari yao mengi huuzwa bila bei ya chini iliyowekwa, yaani kiwango ambacho gari haliuzwi chini yake. Mecum, iliyoanzishwa na Dana Mecum mwaka 1988, hukusanya maelfu ya magari Kissimmee, Florida, Januari hiyo hiyo, na kurudi Indianapolis mwezi Mei. Mecum wanakuruhusu kuweka bei ya chini.

Gari lako linapata dakika mbili tatu. Linasukumwa au kuendeshwa hadi jukwaani, dalali anatiririsha namba, wasaidizi wake wanapiga kelele kila dau linapopanda, kamera zinazunguka. Kama umeweka bei ya chini na dau limekwama, mtu atakuinamia sikioni akuulize kama unaiondoa. Una sekunde chache za kujibu, mbele ya ukumbi mzima. Jibu hilo liwe limeamuliwa nyumbani, limeandikwa kwenye karatasi, na mwenzi wako analijua.

Mahali hapa hakuna muda wa kusoma karatasi. Kwa hiyo panafaa sana gari linalojieleza lenyewe: rangi kali, sauti nzito, injini ya kisasa ndani ya bodi ya 1969, mambo ambayo mtu aliye viti vya nyuma anayaelewa mara moja. Panafaa pia lile gari adimu mno ambalo kila mtu ukumbini ameshalisoma miezi kabla. Juni 2014, Mecum waliuza Plymouth Hemi 'Cuda ya wazi ya 1971 huko Seattle kwa dola milioni 3.5. Gari la namna hiyo linahitaji matajiri wawili kukaa chumba kimoja wakitazamana.

Chevelle nzuri ya kawaida iko katikati na huko ndiko inakoumia. Ikiwekwa asubuhi ya Jumatano viti vikiwa vitupu, bila bei ya chini, inaweza kuondoka kwa bei itakayokukosesha usingizi. Ikiwekwa na bei ya chini isifikiwe, inarudi nyumbani kwa lori unalolilipia wewe, na dau la juu lililokataliwa linabaki wazi kwa kila mtu kuliona. Mnunuzi wa mwezi ujao ataanzia hapo.

Mnada wa mtandaoni

Bring a Trailer ilianza 2007 kama mahali pa kuonyesha magari mazuri yanayouzwa kwingine, ikaanzisha minada yake 2014, na kampuni ya habari ya Hearst ikainunua 2020. Muuzaji hulipa ada ndogo ya tangazo, kwa muda mrefu ilikuwa dola 99, na mnunuzi ndiye anayebeba asilimia 5 yenye kikomo. Mnada huchukua siku 7. Dau likiingia ndani ya dakika 2 za mwisho, saa hurudishwa nyuma hadi dakika 2, kwa hiyo hakuna anayeiba gari kwa kubonyeza sekunde ya mwisho.

Napenda njia hii kwa gari lenye ushahidi, na sababu ni watazamaji wake. Siku ya pili tu mtu ataomba picha ya namba za injini, karibu zaidi, bila mwako wa taa. Mwingine ataona skrubu ya mwaka 1972 kwenye gari la 1970. Wa tatu atauliza sakafu ya buti ni ya asili au imechomelewa mpya. Muuzaji aliyejiandaa anafurahia maswali hayo, kwa kuwa kila jibu lenye picha linawatoa woga watu wanaoshindana. Weka picha nyingi kuliko unavyodhani zinatosha: chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma, milango ikiwa wazi, karatasi ya kiwandani, na hasa picha za bodi ikiwa chuma kitupu kabla ya rangi. Hizo ndizo zinazothibitisha kwamba chini ya rangi hakuna fila ya unene wa kidole. Ongeza video ya kuwasha gari likiwa limelala baridi usiku kucha. Na ukae karibu na simu siku zote saba. Muuzaji anayenyamaza siku mbili huonekana anaficha kitu.

Kwa nakala inayojifanya gari la asili, mahali hapa hapafai. Itavuliwa nguo hadharani, na maoni yale hayafutiki. Lakini nakala iliyotajwa kuwa nakala tangu mstari wa kwanza huuzwa vizuri tu, kwa sababu wapo wengi wanaotaka sauti na sura ile bila kulipia historia.

Udhaifu wa njia hii uko baada ya saa kuisha. Mtandao unashikilia ada yao kwenye kadi ya mshindi, ila bei ya gari mnalipana wenyewe, na usafirishaji mnapanga wenyewe. Cars & Bids, iliyoanza 2020, imejengwa juu ya magari ya miaka ya 1980 na kuendelea, kwa hiyo Chevelle haiko nyumbani pale. Hemmings, jina ambalo wazee wa magari haya wamelisoma tangu 1954, wana matangazo ya kawaida na minada pia.

Wakala

Unampa gari, analiweka kwenye ukumbi wake, analipiga picha, anapokea simu, anachukua asilimia yake. Faida yake kubwa ni wanunuzi wanaohitaji mkopo au wanaotaka kutoa gari jingine kama sehemu ya malipo; wewe huwezi kuwahudumia, yeye anaweza. Kwa mtu anayefanya kazi zamu mbili na hana muda wa kuonyesha gari kila Jumamosi, ni msaada wa kweli.

Hatari zake ni za mkataba. Iandikwe bei ya chini ambayo hawezi kuipita bila idhini yako, muda wa mwisho wa kukaa na gari, bima ni ya nani likiwa kwake, na siku ngapi baada ya kuuza unalipwa. Kipengele cha malipo kisomwe mara mbili. Wapo waliouziwa magari yao wakasubiri pesa hadi wakala akafunga duka. Jihadhari pia na mpango wa "wewe nipe kiasi chako, cha juu ni changu", maana humfanya apandishe bei hadi gari likae miezi huku petroli ikigeuka gundi ndani ya kabureta.

Kumuuzia muuza magari moja kwa moja ni haraka na salama, na bei yake ni ya chini kwa sababu naye lazima apate faida. Ni njia ya mwenye shida ya pesa leo.

Mkono kwa mkono

Hapa ndipo gari la kundi la pili, la asili lenye injini nyingine, hupata bei ya haki. Mnunuzi wake anataka kuliendesha, hajali sana karatasi, na anaweza kuwa mtu wa klabu ya Chevelle anayeishi saa mbili kutoka kwako. Katika majimbo yenye theluji, tangaza Machi au Aprili, watu wakianza kutamani barabara kavu.

Tatizo ni matapeli. Hundi ya benki ya kughushi ndiyo silaha yao kuu: benki yako inaweza kukuonyesha pesa zimeingia ndani ya siku moja au mbili, na wiki kadhaa baadaye hundi ikarudi kama feki na deni likawa lako. Kwa hiyo mtu anayelipa kwa hundi mfuate hadi benki yake, ione ikiandikwa mbele yako, au apeleke pesa kwa uhamisho na wewe uthibitishe na benki kwa simu kabla ya kutoa funguo. Anayekutumia zaidi ya bei na kukuomba umlipe msafirishaji kwa kiasi kilichozidi ni mwizi, hata akiwa na Kiingereza kizuri namna gani. Kabla ya mtu kujaribu gari, ona leseni yake, iulize kampuni yako ya bima kama amelindwa, na uendeshe wewe kwanza yeye akiwa amekaa pembeni.

Wanunuzi wa mbali pia ni wa kweli. Waswidi wanayapenda magari haya kwa dhati, na Ghuba kuna wapenzi wengi, Oman na Emirati zikiwa nchi za usukani wa kushoto. Forodha ya Marekani hutaka hati za gari saa 72 kabla ya kusafirishwa, kwa hiyo hati yako iwe safi. Kwa ndugu wanaowaza kulipeleka Mombasa: Kenya haisajili magari ya usukani wa kushoto isipokuwa ya shughuli maalumu, na magari yaliyotumika yanayoingizwa yanatakiwa yasizidi umri wa miaka 8. Liuze huku.

Ningechagua hivi

SS 454 yenye injini ya LS6, ile ya nguvu farasi 450, ikiwa na karatasi na namba zake: mtandaoni ukiwa umeweka bei ya chini, au Mecum kama wanakupa nafasi Ijumaa au Jumamosi. SS 396 yenye injini ya kubadilishwa: mwenyewe kwa majira ya kuchipua, ukikosa mnunuzi hadi Julai uende mtandaoni. Malibu iliyovalishwa SS: mwenyewe au mtandaoni, na neno "nakala" liwe kwenye kichwa cha tangazo. Gari lenye injini ya kisasa na rangi ya kuwaka: jukwaani, Januari. Familia iliyorithi gari la marehemu na haijui boneti inafunguliwaje: wakala mwenye jina zuri, baada ya kumlipa mkaguzi wa kujitegemea alieleze gari kwa maandishi, ili wasiuze LS6 kwa bei ya Malibu.

Kuhusu hati, majimbo hayafanani. Georgia haitaki hati ya umiliki kwa magari ya 1985 na ya nyuma yake, na New York hutumia usajili badala ya hati kwa ya 1972 kurudi nyuma. Mnunuzi wa jimbo jingine anaweza kushtuka, basi mweleze mapema na umwonyeshe usajili wako. Ukipata faida juu ya ulichotumia, inatozwa kodi. Ukipata hasara kwa gari lako binafsi, huwezi kuitoa kwenye kodi. Weka risiti zote za ukarabati, kwani hapo ndipo zinapokufaa. Na siku gari linapopakiwa kwenye lori, piga picha ya hati iliyosainiwa na mnunuzi, peleka taarifa ya mauzo kwenye ofisi ya magari ya jimbo lako siku hiyo hiyo, uchukue vibao vya namba jimbo likidai, kisha ndipo uikatishe bima.